Siku Niliyojiita Bingwa wa Mbao za Theluji

Mwenzenu nimeshaaibika mara nyingi, siwafichi. Nimeshaingia msibani si kwetu nikakaa, nikalia, nikala na wali, ndipo nikagundua kuwa maiti simjui, na nimeshampigia simu mkubwa wangu wa kazi nikamwita mpenzi nikidhani nazungumza na mke wangu. Lakini aibu niliyoipata siku ile kule mchangani Bidiya, mbele ya mke, watoto, shemeji na nusu ya ofisi yangu, hiyo ni nyengine kabisa, na mpaka leo nikenda harusini Maskati kuna watu nisiowajua hata kwa sura wananitazama, wananong'ona, halafu mmoja anajitia ushujaa ananiuliza, "Samahani bwana, wewe si yule wa mapazia?"

Ndiyo mie.

Nianze mwanzo, maana mkisikia katikati mtanidhania mwendawazimu. Mie mtoto wa Malindi, Unguja mjini, jina langu Masoud, na kama wenzangu wengi wa rika langu, kabla ya kufika huku Omani nilipita kwanza nchi za baridi kusoma. Bahati yangu ilinipeleka Chekoslovakia kujifunza mambo ya mabomba na maji, na hayo ndiyo yaliyonipa kazi hapa Ibra. Sasa kule, likizo za baridi wenye kwao walikwenda kwao, na sie tusiokuwa na pa kwenda tukitafuta vibarua, na mie nikapata kibarua mlimani, kwenye kibanda wanachokodisha zile mbao ndefu ambazo watu huzifunga miguuni wakateleza juu ya theluji. Kazi yangu ilikuwa kupokea viatu vilivyorowa, kuvifuta, kuvianika karibu na jiko, na kuzipaka mbao nta upande wa chini. Basi. Likizo tatu nimepaka nta mbao za watu, na siku moja tu nilijaribu kuzivaa mwenyewe, nikaanguka hapo hapo kizingitini hata theluji sijaikanyaga, mwenye kibanda akaniinua, akanambia kwa upole niendelee na viatu.

Huo ndio ukweli. Lakini kuna rafiki yangu alinipiga picha nimesimama nje ya kibanda, mbao nimezisimamisha ubavuni, miwani ya jua usoni (ya kuazima), kidevu juu, na picha ile nikampelekea mama, mama akaitia fremu, na kila mgeni aliyeuliza, "Kumbe Masoud anateleza theluji?" mama akamjibu, "Huyo bingwa." Sasa mngekuwa nyie mngesimama mkamkanusha mama yenu mbele ya wageni? Mie sikumkanusha. Nilipooa nikamsimulia mke wangu Zuwena, kidogo tu. Walipozaliwa watoto nikawasimulia wao, na hapo haikuwa kidogo. Kila mwaka mlima ulizidi kurefuka, mara nimewapita Wacheki watatu kwa mpigo, mara nimeruka jabali, mara mwenye kibanda ananililia nisiondoke nchini kwao, na watoto wamekaa mkekani midomo wazi, na mie naona raha, basi naongeza.

Aliyekuwa akizisikiliza kwa roho yake yote ni mwanangu mkubwa, Nasser. Alipomaliza skuli akapata nafasi ya kusoma Kanada, na mwaka wa kwanza wa baridi akapiga simu, sauti inaruka kwa furaha, "Baba, shikamoo, nimeanza kujifunza kuteleza, kama wewe!" Nikamjibu kwa utulivu wa mtu mzima, "Vizuri mwanangu. Kunja magoti kidogo, tazama mbele." (Hayo niliwasikia wateja wakiambizana pale kibandani.) Nikaweka simu nikamshukuru Mungu kwamba Kanada ni mbali, na kwamba Omani haina theluji.

Sikufikiria mchanga.

Mwaka wa pili, mwezi wa Disemba, Nasser akaja likizo na mfuko mrefu kama wa kubebea jeneza la mtu mwembamba. Ati pale uwanja wa ndege afisa wa forodha aliufungua akaziangalia zile mbao juu chini, akamuuliza kama ni za kuvulia samaki, naye akamjibu, "Hapana, ni za baba yangu, bingwa." Kwa hiyo hata forodha walishajua kabla yangu. Zilikuwa mpya, nyekundu, zinang'ara, pamoja na fimbo mbili za kujisukumia na viatu vyake vigumu vya plastiki vya saizi yangu kabisa (kumbe mama yake alinipima unyayo kwa uzi nikiwa nimelala, akampa kipimo kwa simu), na katika kiboksi mbali, vimefungwa kwa karatasi, vile vyuma vinavyoshika kiatu juu ya ubao. Vifungio, tuviite. Kimoja cha mbele kushika vidole, kimoja cha nyuma kushika kisigino.

"Sikuvipachika kule makusudi," Nasser akasema. "Jioni nafanya kazi katika duka la vitu hivi, wamenifundisha, lakini nikasema hizi nitakuja kuzifunga mbele ya Baba mwenyewe, kwa anavyopenda yeye. Mtu mjuzi ana mapenzi yake."

Kanitazama na macho yale yale ya mkekani.

Siku ya pili tukazilaza mbao juu ya meza ya jikoni, uani. Mie nilitaka shughuli iwe ya kimya, baba na mwana, lakini shemeji yangu Khamis, ndugu yake Zuwena, alishakuja na kamera yake mpya ya video (mwaka ule Khamis hata akila chungwa alitaka arikodi), na jirani yangu Abu Hilal, ambaye ofisini tunakaa chumba kimoja, mtu wa Ibra asiyejua Kiswahili ila "karibu" na "chai," alikuja kuniazima drili yake akaona bora akae atazame. Zuwena na binti yetu Raiya wamesimama mlangoni. Ndiyo kusema watu watano na kamera moja, na mie.

Nasser akaweka teipu juu ya ubao, akachukua rula, akasema, "Baba, huu mstari uliochorwa ndipo watengenezaji wanapotaka katikati ya kiatu pakae. Kwenye theluji laini wengine hurudisha nyuma kidogo, ili ncha za mbele zisizame, na mimi naona mchanga ni laini zaidi. Turudishe nyuma, au tukae kwenye mstari? Wewe unapenda wapi?"

Hapa ndipo, jamani. Hapa ndipo ningesema tu, "Wewe unajua zaidi, mwanangu," na leo msingekuwa na cha kunicheka. Lakini nikaona kukubali tu ni ujinga, bingwa lazima awe na neno lake, na kwa kuwa yeye kasema nyuma au katikati, likawa limebaki neno moja. Nikashika kidevu. Nikasema, "Mbele."

"Mbele?"

"Mbele ya mstari. Vidole vinne."

"Baba, kwenye mchanga?"

"Sisi wakati wetu," nikasema, na kamera ya Khamis ikanigeukia, "tulifunga mbele. Mtu anaipata ardhi vizuri."

Sijui maana yake nini, kuipata ardhi. Nasser akaishika rula, nikaona adabu na elimu zinagombana usoni pake, adabu ikashinda, akapima vidole vinne mbele, akatoboa. Na tundu likishatobolewa katika kitu kile halina toba. Drili ikalia, unga mweupe ukatoka, skrubu zikaingia moja moja, na mie nikapumua nikidhani mtihani umekwisha.

Haujesha. Akachukua bisibisi, akaniuliza kilo zangu, nikasema (nikapunguza tano, hiyo kila mtu hufanya). Akaniuliza umri, nikasema. Halafu akanionesha juu ya kifungio kidirisha kidogo chenye nambari ndani yake, akaeleza kwamba humo mna springi, ukiilegeza basi mtu akianguka kiatu kinafyatuka chenyewe mguu unasalimika, na ukiikaza kiatu hakitoki, maana wale wanaokwenda kwa kasi sana hawataki kiatu kiwatoke ovyo. "Kwa hiyo kule dukani tunamuuliza kila mtu daraja lake," akasema. "Anayeanza, wa kati, au bingwa?"

Khamis akanisogelea na kamera. Hata kuku wa jirani aliinua kichwa.

Zuwena kutoka mlangoni akasema, "Mweke anayeanza huyo. Ana miaka mingi hajagusa."

Mke wangu, mnajua, alikuwa ananirushia kamba niokoke. Miaka ishirini na kitu kalala na mie, angekosaje kujua? Lakini Abu Hilal alimuuliza Khamis kwa Kiarabu mama kasema nini, Khamis akamfasiria, Abu Hilal akacheka ndevu zikamtikisika, na mie nikaona nimechekwa nyumbani kwangu.

"Bingwa," nikasema.

Nasser akakaza, na tena akataka kushusha nambari kidogo kwa ajili ya umri, nikamuuliza umri wangu una nini, akakaza mpaka pale nilipotaka.

Mngedhani balaa lingeishia hapo, mbao zikatundikwa ukutani tukanywa chai. Lakini Abu Hilal alipeleka habari ofisini, na ofisini sisi tulikuwa hatuna habari nyengine wiki ile ila bomba lililopasuka, kwa hiyo Alkhamisi asubuhi, siku ya mapumziko, badala ya gari moja zilitoka Ibra gari nne. Tukafika Bidiya, tukapunguza upepo wa matairi, tukaingia mchangani mpaka penye kilima kimoja kirefu, kilichosimama kama ukuta upande mmoja. Wanawake wakatandika mikeka chini, mandazi, sambusa, chupa za chai, wafanyakazi wenzangu wakaleta halua na kahawa yao, na Khamis akatafuta pa kusimama na kamera asikose hata kidogo.

Sasa nguo. Zuwena alinambia nivae suruali ya mazoezi, mie nikakataa, nikasema bingwa wa Omani atashuka kwa kanzu nyeupe na kilemba, ipigwe picha ya kuning'inizwa. Lakini asubuhi ile palikuwa na kibaridi, basi chini ya kanzu, pahala pa kikoi, nikavaa suruali yangu ya kulalia. Suruali hiyo aliishona Zuwena mwenyewe, kwa kitambaa kilichobaki alipomaliza kushona mapazia ya sebuleni, maua makubwa ya rangi ya zambarau na majani ya dhahabu. Nikasema nani ataiona.

Kupanda kilima kile na viatu vya plastiki ilinichukua muda ambao watu walikula duru nzima ya sambusa. Unapanda hatua mbili unateremka moja, Nasser kabeba mbao zote mbili begani na wala hahemi, na mie napumua kama punda wa chokaa huku namwambia, "Hewa ya huku nyepesi." Tulipofika juu akaziweka mbao mchangani, akazipapasa chini kwa kipande cha mshumaa, na hapo mie pumzi zikanirudi kidogo, maana kupaka nta ndiyo kazi yangu, nikamnyang'anya mshumaa nikapaka kwa ufundi hata akasema, "Mashallah, mikono bado inakumbuka." Ningeweza kukaa pale napaka nta mpaka adhuhuri.

"Haya Baba, vaa."

Nikatia kisigino kwanza. Hakikuingia. Nikakanyaga kwa nguvu. Hakikuingia. Nasser akasema taratibu, "Vidole kwanza, Baba." Nikasema, "Najua, nilikuwa naujaribu." Nikatia vidole, nikakanyaga, kifungio kikasema tak! na mguu wa pili tak! na sauti ile, sijui niwaelezeje, ilikuwa kama mlango wa gereza uliotiwa mafuta.

Nikatazama chini. Watu walikuwa wadogo kama punje za kunde. Wote wamesimama. Abu Hilal alipunga mkono, akaita, "Yallah ya Abu Nasser!" na wenzake wakapiga makofi, na nikamwona Raiya anarukaruka, na Zuwena peke yake hapungi mkono wala hapigi makofi, kajishika shavu tu. Nikafikiria niseme tumbo linaniuma. Nikafikiria niseme hizi mbao zina kasoro. Wallahi nilishafungua mdomo, na Nasser akanitangulia, akasema kwa sauti ndogo, ya baina yetu wawili, "Nimeingoja siku hii tangu mdogo, Baba."

Basi nikajisukuma kwa zile fimbo.

Mwanzo nilishangaa, maana ilikuwa vizuri. Mchanga si mwepesi kama theluji, unakuchukua polepole, unavuma chini ya ubao kama chungu kinachokaribia kuchemka, na kwa hatua kama kumi nilikuwa kweli nateleza, kanzu inapepea nyuma, na nikawaza, kumbe si uongo, kumbe nilikuwa bingwa siku zote na sikujua. Hiyo ndiyo fikra ya mwisho niliyoifikiria nikiwa kichwa juu. Kilima kikazidi kusimama, mbao zikashika kasi, nikasahau kukunja magoti, nikasahau kutazama mbele, nikawa nalia "Ya Latif! Ya Latif!" na zile ncha za mbele, ambazo kwa kujua kwangu nilizilemea vidole vinne zaidi, zikaamua kutafuta maji. Zikazama mchangani zote mbili kwa pamoja.

Mbao zikasimama wima. Springi ya bingwa ikafanya kazi yake ya bingwa, haikuachia hata unyasi. Mie nikaendelea na safari kwa kichwa, mpaka nilipofikia mwisho wa urefu wangu, nikalala kifudifudi kichwa chini miguu juu, nimening'inia kwa visigino kama nguo kambani, na kanzu, kwa adabu yake yote, ikateremka pole pole ikanifunika kichwa.

Nikasikia Abu Hilal, aliyekwisha kupanda mbio kuja kuniokoa, anasimama juu yangu, anahema, na kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, anauliza, "Haya si mapazia ya sebuleni kwako?"

Jamani, mlima ule ulicheka. Ofisi nzima ilikuwa imeshakaa sebuleni kwangu Idi iliyopita, kila mmoja aliyajua yale maua. Nilisikia kicheko cha wanaume, cha wanawake kutoka mikekani, na juu ya vyote cha Khamis, kinachotetemeka kwa kuwa alikuwa akijizuia asiitikise kamera. Wakanishika mabega wakanivuta, "Wahid, thnin, thalatha!" kama wanaong'oa muhogo, na mie sing'oki, nalia visigino vyangu. Ndipo Nasser akafika, kateleza kwa makalio kutoka juu, naye hakucheka, akauliza, "Baba, umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi fungua kisigino, Baba, mkandamizo utapungua. Fimbo unayo mkononi. Tia ncha ya fimbo kwenye kile kishimo, sukuma chini."

Nikiwa humo ndani ya kanzu, gizani, mchanga mdomoni, nikamuuliza swali ambalo sikuwa na jinsi ya kutoliuliza. "Kishimo gani?"

Mara vicheko vikapungua kimoja kimoja. Nasser alichutama karibu na kichwa changu. Hata mtoto anayeanza, siku ya kwanza kabisa, kitu cha kwanza anachofundishwa ni kufungua.

"Baba," akasema, "hujawahi kuteleza?"

Naomba mjue kwamba kusema kweli kunakuwa rahisi zaidi mtu ukiwa umefunikwa uso. Sijui ningethubutu kama ningekuwa namwona. Nikajibu humo humo ndani ya nguo, "Sijawahi, mwanangu. Nilikuwa nikipaka nta. Nilikuwa nikianika viatu vya watu."

Nikasikia mikono yake inapapasa kisigino changu, akaegemeza uzito wake wote, akagumia, tak! mguu mmoja ukaanguka, tak! wa pili, nikabiringika, nikajikalisha, nikaitoa kanzu usoni. Na nilichokiona ni mwanangu kakaa mchangani kanipa mgongo, kainamia magoti, mabega yanamtikisika.

Mapazia nikayasahau. Hilo ndilo lililonichoma. Nikamtambaalia, nikamwekea mkono, nikamwambia, "Nisamehe Nasser, nilianza kwa mzaha, halafu..." naye akageuka, na kumbe anacheka! Anacheka mpaka machozi yamemchora usoni kwenye vumbi, hata maneno hayatoki, anapiga mchanga kwa kiganja.

"Baba," akasema alipoweza, "unajua mie kule naangukaje? Kila siku! Watoto wa miaka sita wananipita! Mwaka mzima najiuliza, mie mtoto wa bingwa, damu imekwenda wapi? Nilikuwa karibu niache. Nilikuwa naona haya kukwambia!"

Nikamtazama. Akanitazama. Na hapo nami nikaanza kucheka, tukashikana pale mteremkoni baba na mtoto kama walevi, mchanga unatumiminikia shingoni, na Abu Hilal akimhimiza Khamis amfasirie upesi kilichosemwa, na alipofasiriwa akakaa chini naye, akavua kilemba, akajifuta macho.

Zuwena alipanda mpaka tulipo, kanga kiunoni, na chupa ya chai mkononi. Alinimiminia kwanza, akanitoa mchanga sikioni kwa ncha ya kanga, ndipo akasema, "Nilisema anayeanza."

"Ulijua?"

"Baba Nasser, wewe ukipanda ngazi ya kubadilisha taa unashika ukuta."

Sasa kama mnadhani tulikunja mikeka tukarudi, hamumjui Nasser. Alitoa bisibisi mfukoni, akalegeza springi mpaka mwisho wa kulegea, ncha za mbele akasema hatuna la kuzifanya leo, tutashuka pahala padogo tu na mtu aegemee nyuma. Akanichukua kwenye kimwinuko kisichofika hata paa la nyumba, akanishika mkono, na nikateleza, mie Masoud, kwa kweli kabisa, hatua kama ishirini, halafu nikaanguka ubavu, na vifungio vikafyatuka vyenyewe, tak, tak, miguu yangu huru, mbao kule na mie huku. Nilimwambia anifunge tena. Nikaanguka mara tisa, na kila zikifyatuka nacheka kama mtoto anayetekenywa. Baada yangu Raiya akavaa viatu vyangu na soksi jozi tatu, akashuka mpaka chini bila kuanguka hata mara moja, akauliza kama kuna kilima kingine. Abu Hilal akashuka kwa sinia la halua. Hata Zuwena alishuka na lile sinia, mara mbili, na mara ya pili aliomba asukumwe.

Tulirudi jua limeanza kuinama, gari yetu sie wanne tu, mie naendesha, mchanga kila pahala. Raiya akaanza.

"Baba, ile ya dubu aliyekufukuza kule Chekoslovakia?"

"Uongo. Alikuwa mbwa. Na hakunifukuza, alinitazama."

"Ile ya kuimba redioni?"

"Hiyo kweli."

"Hiyo ndiyo tuliyoiona uongo!" akasema Nasser.

"Kweli, wallahi. Tuliitwa wanafunzi wa kigeni, tuimbe nyimbo za kwetu. Mie nilisimama nyuma, lakini sauti ilikuwemo."

Wakaniendea moja moja, zote, ya mto ulioganda, ya profesa aliyenipa saa yake, ya treni, na mie najibu kweli, uongo, nusu, na nilishangaa kwamba za kweli zilikuwa nyingi kuliko nilivyojidhania, ila walicheka zaidi kwa zile nilizozikana. Tukapita vituo, tukapita mashamba, Ibra ikaanza kuonekana, nikadhani wamemaliza.

"Na ile," Raiya akasema, "ya kwamba siku ya kwanza tu ulipomwona Mama, ulimpenda pale pale?"

Zuwena alikuwa kageukia dirishani, anatazama mitende kama hajawahi kuiona. Mtu mwenye akili angejibu hiyo upesi bila kufikiri. Lakini mie nilikuwa nimeshachoka kuning'inia.

"Uongo," nikasema. "Siku ya kwanza nilimwogopa. Aliniuliza swali moja nikababaika, nikenda zangu. Ilikuwa siku ya pili."

Zuwena, bado kageukia dirishani, akanyoosha mkono akanipiga paja, si kwa nguvu.

"Hiyo," akasema, "ndiyo ya kwanza uliyonambia nikaiamini."

Basi mie nimeapa, na nyie mashahidi wangu: mtu akiniuliza kama kitu nakijua, nitamjibu nilivyo, hata kama kuna kamera. Na suruali ile bado ninayo, ila naivaa mlango ukiwa umefungwa.